Bendera ya Mkono wa Kushoto

Mama alikuwa akirusha bendera isiyokuwepo. Alikaa mlangoni mwa gereji kwenye kiti chake cha magurudumu, magoti yamefunikwa blanketi, akaikunja mikono mitupu hewani kana kwamba ameshika kitu chenye uzito. Mbele yake, hatua nne tu, Tessa aliifuata mikono ile akiwa na bomba la plastiki alilolivisha pazia kuukuu. Mkono wa mama ukipanda, wa Tessa nao ulipanda. Mama akiegemea upande wa nyumba, Tessa aliegemea upande wa nyumba. Walitazamana usoni muda wote, na kila mmoja alimwona mwenzake hakosei hata chembe.

"Tano, sita, upande wa uzio," mama alihesabu. "Saba, nane. Achia."

Tessa aliachia. Bomba lilipanda juu kuliko paa, likajizungusha mara mbili, likarudi kiganjani mwake bila kelele. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umeanza kumgomea.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo hata Larkfield wataipigia makofi."

"Hawapigi makofi kwenye majaribio, mama."

"Kimoyomoyo watapiga."

Pale kwao Pell Creek hapakuwa tena na kikosi cha bendera, wachezaji wanaorusha bendera kwa pamoja wakifuata muziki. Shule ilikuwa imekifuta kabla Tessa hajafika umri wa kujiunga, bendera zikatupwa stoo pamoja na tarumbeta zilizobonyea. Aliyetaka kucheza ngoma ile ya kurusha bendera na bunduki za mbao ilimbidi aende kwenye kikosi cha Larkfield, mwendo wa saa nzima katikati ya mashamba ya mahindi ya Indiana, akajaribu bahati yake kila Oktoba mbele ya wenzake waliofundishwa tangu wakiwa na miaka kumi. Wale walikuwa na makocha, viatu maalumu na kambi za kiangazi. Tessa alikuwa na bomba, pazia na mama yake.

Na mama yake, Rochelle Bricker, hakuwa mtu wa kubezwa. Usichana wake aliucheza Larkfield misimu miwili, mstari wa pili, wa tatu kutoka mwisho. Vidole vyake viwili vilikuwa vimepinda kwa kudaka bunduki ya mbao, naye alivionyesha kwa wageni jinsi wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Ila hakuwahi kuwa nahodha, wala hakuwahi kumfundisha mtu. Misimu yake yote aliimaliza ndani ya mstari, akitazama kisogo cha kocha. Jambo hilo halikuwajia akilini yeye na bintiye, na hata lingewajia, nani angeliona ni neno?

Majira ya baridi yaliyopita vikombe vilianza kumponyoka. Zikafuata kalamu, ukafuata ufunguo wa gari. Daktari aliwaeleza, kwa upole ambao Tessa anauchukia mpaka leo, kwamba misuli ingezimika mmoja baada ya mwingine, ikianzia mikononi na kuishia kwenye pumzi. Mama aliuliza ni lini, daktari akajibu kwamba kila mgonjwa ana mwendo wake. Tessa hakuridhika. Alimfuata kwenye ujia wa hospitali akambana, na yule daktari akavua miwani akakiri: Februari hii mama angeweza kutoka nyumbani, akipelekwa. Februari ya baada ya hapo wasiitegemee.

Na Februari ndipo Larkfield walipoonekana mbele ya watu kwa mara ya kwanza kila mwaka. Basi hesabu ilikuwa hiyo. Akichukuliwa Oktoba hii, mama angemwona sakafuni, ndani ya sare, katika mstari ule ule aliouacha yeye. Asipochukuliwa, hangemwona kamwe. Hawakuwahi kulisema hilo kwa maneno. Walihesabu tu moja hadi nane, kila alasiri, tangu Machi mpaka majani ya miti yakaanza kubadilika rangi.

Ulimi wa mama ulichoka upesi, kwa hiyo alichagua maneno mafupi: nyumba, uzio, juu, achia. Tessa hakuhitaji zaidi. Nyumba alikuwa akiiona na uzio alikuwa akiuona.

*

Jumamosi ya majaribio Mjomba Wendell, kaka wa mama, alikuja kumchukua kwa lori lake la kubebea nafaka. Alilitazama bomba, akalishika, akalinusa.

"Mpwa wangu, hili si lile bomba la choo changu?"

"La sinki, mjomba."

"Afadhali. Wakikuuliza waambie limetoka Ulaya."

Mama alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi wamngoje. Alipotulia alimvuta Tessa kwa mkono wake dhaifu. "Usiogope wale," alisema. "Wewe fanya kama nimekaa mbele yako. Nitazame mimi tu."

Ukumbi wa michezo wa Larkfield ulinukia nta ya sakafu na dawa ya kuchulia misuli. Tessa alibandikwa karatasi yenye nambari thelathini na nne, akapewa bendera ya kweli, mlingoti wake ukiwa mzito kidogo kuliko bomba. Aliupima mkononi akaona atauweza. Jirani yake katika mstari alikuwa msichana aliyeitwa Marisol, mwenye michubuko mikono yote kama aliyetoka kupigana.

"Mara yako ya kwanza?" Marisol aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukidondosha, okota. Usikunje uso tu. Wale mezani wanaangalia uso kuliko mikono."

"Najua. Mama yangu alicheza hapa."

"Kumbe mtoto wa nyumbani. Basi mimi ndiye niogope."

Kocha alikuwa mwanamke mfupi, Yolanda Meeks, mwenye sauti iliyofika pembe zote za ukumbi bila kupazwa. Aliwasalimu, akawaeleza kuwa waliofika ni hamsini na mbili na nafasi zilizobaki ni tisa. Kisha akafanya jambo ambalo kila aliyekuwa pale alilizoea isipokuwa mmoja: aliwapa mgongo. Akasimama mbele ya mistari akitazama kule walikotazama wao, akainua bendera.

"Nifuateni," alisema.

Bendera hamsini na moja zilipanda upande mmoja. Ya Tessa ilipanda upande wa pili.

Kwanza alidhani ni wao waliokosea. Ndivyo alivyokuwa na hakika. Kwa nusu ya hesabu aliwaonea huruma, akafikiri kocha atawakaripia. Hesabu ya tano ilipofika, mstari mzima uliyumba kuelekea mlangoni, naye akayumba kuelekea dirishani, mlingoti wake ukakutana na kifundo cha mkono wa Marisol kwa sauti iliyomfanya kila mtu ageuke.

Marisol aliushika mkono wake. Hakulia, wala hakutukana. "Unakwenda wapi wewe?" alinong'ona, kwa mshangao mtupu.

"Thelathini na nne," kocha aliita. "Njoo hapa mbele. Wengine kunyweni maji."

Tessa alikwenda. Kocha alimwambia acheze anavyojua, peke yake, pole pole. Akacheza. Alimweka mama mbele yake kama alivyoagizwa, blanketi na tabasamu la upande mmoja, akaifuata mikono ile. Alirusha mara mbili, akadaka mara mbili, akageuka, akamaliza kwa goti moja, bendera imetandaa sakafuni bila kukunjika. Waliokuwa wakinywa maji waliacha kunywa.

"Sitakudanganya, binti," Kocha Meeks alisema. "Tangu asubuhi sijaona anayedaka hivyo. Lakini kila kitu umekifanya kinyume. Panapotakiwa kulia unakwenda kushoto, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wewe ni wa mkono wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukuhisi. Nani aliyekufundisha? Mtu aliyesimama mbele yako?"

Hapo ndipo Tessa alipoelewa. Aliiona nyumba, akauona uzio. Aliuona mkono wa kulia wa mama ukipanda upande wa nyumba, na wa kwake wa kushoto ukiupandia upande huo huo, siku baada ya siku, miezi saba, nyuso zao zikichekeana. Walipatana kama mtu na kioo chake, na kioo hakijawahi kumwambia mtu kwamba amegeuzwa. Hata zile picha za video alizokuwa akizitazama kwenye simu zilimthibitishia kosa lile lile, kwa kuwa wachezaji wote walimwelekea yeye.

Jina la mama lilikuwa limeshafika ulimini. Alilimeza.

"Nimejifunza mwenyewe," alisema. "Kwenye simu."

"Ah. Huwapata wengi hilo." Kocha alishusha pumzi. "Sikiliza. Kikosi ni watu ishirini na nne wanaorusha kwa mkono ule ule. Mmoja akienda kwake, mtu anavunjwa pua. Nenda pale ujiani ukajaribu mkono wa kulia. Mpaka saa saba. Zaidi ya hapo siwezi."

Ujia ule ulikuwa na makabati ya wanafunzi kila upande. Tessa aliuhamisha mlingoti mkono wa kulia, akahesabu, akaachia. Ukaanguka. Akaokota, akahesabu, ukaanguka tena, ukagonga makabati kwa mlio wa sufuria. Mkono wake wa kulia ulikuwa mgeni kabisa katika mambo haya. Akili ilijua pa kwenda, lakini mwili, kila ulipofika kwenye hesabu ya tano, ulikimbilia kwenye uzio wa kwao. Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa, nasi hulikariri neno hilo kwa furaha. Afanyeje yule aliyekwisha kukunjwa upande usiofaa akakauka hivyo, hilo hatukuachiwa jibu.

Alimkasirikia mama. Alimkasirikia kweli, kwa hasira ya kitoto. Miaka miwili umecheza hapa, hukumbuki hata mkono? Alilirudia hilo huku akiokota, na kila akiokota hasira ilipungua, kwa sababu kila akijiandaa kurusha alikuwa lazima amwone mama tena, akimtazama, akifurahi. Mama hakuwa na furaha nyingine mwaka ule. Dawa zilimchafua tumbo, chakula kilimkwama, usiku alikoroma kama anayezama; lakini alasiri ilipofika alisema "nitoe nje," na macho yake yakawa ya msichana wa miaka kumi na saba. Tessa aliketi sakafuni akiwa na bendera mapajani akalia bila kujificha. Aliyafuta machozi saa saba kasoro dakika mbili, akajikaza kisabuni, akaingia.

Alidondosha mara tatu. Aliokota mara tatu, uso haukubadilika. Katika mzunguko wa mwisho mwili ulimsaliti, ukageuka kushoto.

Larkfield hawatangazi majina. Hubandika karatasi ya nambari mlangoni na kuondoka, kila mtu ajisomee na aumie peke yake. Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Thelathini na sita. Marisol ndiye aliyekuwa thelathini na tatu, na kwa huruma yake hakushangilia. Alimgusa Tessa begani kwa mkono uliovimba, akaenda zake. Kocha Meeks alimfuata mpaka nje.

"Mwaka mmoja wa mkono wa kulia," alimwambia. "Nakuomba urudi. Mwakani nitakutafuta mwenyewe kwenye mstari."

"Asante, kocha," Tessa alisema. Lilikuwa neno la wema, lile mwakani, na kocha hangeweza kujua lilivyomchoma.

*

Mjomba Wendell hakuuliza mpaka walipoiacha barabara kuu. Mahindi yalikuwa yamevunwa nusu, mashamba yameachwa na vipara. Tessa alimsimulia yote, nyumba na uzio, mpaka karatasi ya mlangoni. Wendell akavua kofia yake akajipangusa nayo uso.

"Wanasema asiyefunzwa na mamaye," alianza, akaishia hapo.

"Usimwambie, mjomba."

"Mimi? Mimi sijui hata bendera inashikwa wapi. Wewe utamwambia nini?"

"Kwamba nilidondosha."

"Dada yangu huyo ananusa uongo kabla hujausema. Nimejaribu miaka arobaini."

"Siyo uongo. Nilidondosha kweli."

Mama alikuwa mlangoni mwa gereji. Jirani alikuwa amemsogeza hapo tangu mchana, na alikuwa ameomba avalishwe sweta lake la bluu, rangi ya Larkfield. Wendell alisema anakwenda kuangalia magurudumu ya lori, magurudumu ambayo hayakuwa na neno, akawaacha.

"Uso wako umeshaniambia," mama alisema. "Sasa uniambie wewe."

"Nimeikosa nafasi, mama."

Mama alifumba macho, akayafumbua. "Kwa nini?"

"Nilidondosha."

"Uliokota?"

"Niliokota."

"Ukaendelea na hesabu?"

"Nikaendelea."

"Basi hawakukukata kwa hilo. Mimi nilidondosha mara nne na wakanichukua." Alipumzika ili apate pumzi. "Wewe hujadondosha tangu Agosti, Tessa. Ulidondoshea wapi?"

"Kwenye mrusho wa mara mbili."

"Mkono uliteleza?"

"Ndiyo. Huu hapa." Akauinua mkono ulioteleza ili mama auone, wenye malengelenge mapya kwenye kiganja, na alipokwisha kuuinua ndipo alipotambua alichokifanya.

"Huo?" mama alisema. "Huo si wako wa kurushia. Wa kurushia ni..." Akauinua wa kwake ili amwonyeshe. Uliinuka kidogo tu juu ya blanketi, upande wa nyumba. Mkono wa Tessa ulikuwa hewani upande wa uzio. Mama aliutazama mmoja, akautazama mwingine. Tessa alitaka kuushusha wa kwake akashindwa.

"Nyumba," mama alisema polepole. Kisha akasema, "Uzio."

Machozi yalimtoka, naye hakuwa na namna ya kuyafuta, basi Tessa alipiga magoti akamfuta kwa mkono wa sweta.

"Siyo wewe, mama. Mimi ningeuliza. Mimi nina macho, nimetazama video zote zile..."

"Ulikuwa unanitazama mimi," mama alisema. "Nilipenda ulivyokuwa unanitazama. Nilisahau kabisa." Akameza mate kwa taabu. "Sisi kocha tulimwona kisogo tu. Miaka miwili sikujua hata kama ana uso."

"Wamesema nirudi mwakani."

"Naam. Utarudi." Alilisema hilo bila kutetemeka, kisha macho yake yakaenda kando. "Nigeuze."

"Nikugeuzie wapi?"

"Nielekeze ndani ya gereji. Wewe simama nyuma yangu."

"Hutaniona, mama."

"Najua. Nigeuze."

Tessa alikishika kiti akakigeuza. Mama sasa alitazama rafu za makopo ya rangi na ngazi iliyoegemezwa ukutani, na Tessa aliona nywele zake tu, chache kuliko alivyodhani, na mabega mawili membamba ndani ya sweta la bluu. Alisimama hatua nne nyuma. Aliliweka bomba mkono wa kulia.

"Unaniona?" mama aliuliza.

"Nakuona."

"Tano, sita, saba, nane."

Mkono wa kulia wa mama ulianza kupanda. Ulifika kifuani, ukasimama, ukatetemeka. Tessa aliungoja uinuke zaidi, apate kuufuata. Haukupanda. Alingoja hesabu mbili nzima kabla hajajua kwamba kutoka pale ilimpasa aende peke yake, akauinua wa kwake mpaka juu.

"Achia," mama alisema.

Bomba lilipaa, likapinda, likapita nje ya vidole vyake, likaanguka juu ya saruji na kubingirika mpaka kwenye gurudumu la kiti. Mama alilisikia. Hakugeuka; hata angetaka, shingo yake isingeweza tena.

"Okota," alisema. "Moja, mbili."